Mpanda saa nane usiku: abiria ameshuka, atalala wapi?

Basi likishazima injini stendi ya Mpanda usiku wa manane, kila kitu humalizika ndani ya dakika chache. Konda anafungua buti, mabegi na viroba vinashushwa chini, wenyeji wanapokewa na ndugu zao na kutawanyika. Vijana wa bodaboda wanauzunguka mlango wa basi, ufunguo mkononi, swali ni lile lile: "Wapi, kaka? Dada, twende wapi?"

Mwenyeji ana jibu. Anataja Makanyagio, Kawajense au Nsemulwa, anapatana nauli, anapanda, anaondoka. Anayebaki ni mgeni. Hajui Makanyagio iko upande gani, hajui nauli halali ni shilingi ngapi, na simu aliyokuwa akiitegemea ilizima chaji tangu Inyonga. Anasema analoweza kusema: "Nipeleke gesti yoyote nzuri, isiwe ya bei kubwa."

Akishatamka hivyo, usiku wake wote umo mikononi mwa mtu asiyemjua. Mara nyingi mtu huyo ni mwema, na mgeni hulala salama. Lakini mji unaopokea mabasi kila usiku haupaswi kumwachia mgeni wake abahatishe wema.

Makala haya yanahusu muda huo mfupi kati ya kushuka kwenye basi na kufunga komeo la chumba kwa ndani. Muda huo hauna mwenyewe. Mwenye basi amemaliza kazi yake, mwenye gesti hajaanza yake, na halmashauri imefunga ofisi tangu saa tisa na nusu alasiri.

Usiku umo kwenye ratiba

Abiria wengi husema wamechelewa kufika, kana kwamba kuna lililoharibika njiani. Tupige hesabu. Dar es Salaam hadi Mpanda kwa njia ya Dodoma na Tabora ni takriban kilomita 1,200. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu alama humtaka dereva ashuke hadi 50. Hata kama basi lingekwenda 80 mfululizo bila kukanyaga breki, lingetumia saa 15. Ongeza mizani, chakula, kuchimba dawa, kushusha na kupakia Dodoma, Manyoni na Tabora. Lililoondoka saa 12 alfajiri haliwezi kuikuta Mpanda ikiwa na jua.

Kwa hiyo hakuna aliyechelewa. Mgeni wa saa nane usiku alikwisha kupangiwa saa hiyo siku alipokatiwa tiketi.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kutembea usiku kucha, kwa sababu ya ajali na utekaji barabarani. Basi lililokutwa na saa za marufuku lililazwa njiani. Abiria walijikunja kwenye viti vyao, wenye uwezo wakatafuta kitanda jirani na stendi, na alfajiri safari ikaendelea. Ilichosha, lakini ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeihesabu: watu wengi waliingia miji ya mbali mchana.

Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mabasi yataruhusiwa kusafiri saa 24. Kuanzia Oktoba 1 mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaanza kutoa ratiba za usiku, huku mabasi yakifuatiliwa mwendo wake kwa mitambo.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nausema bila kigugumizi. Mfanyabiashara wa mchele ameokoa siku nzima. Mgonjwa anayerudi kutoka hospitali ya Bugando halazwi tena kwenye kiti cha basi porini. Kilichosahauliwa ni mwisho wa safari. Serikali ilifungua barabara usiku, haikufungua mapokezi.

> *"Serikali ilifungua barabara usiku, haikufungua mapokezi."*

Kuna jambo jingine ambalo mgeni kutoka pwani hulisahau. Mpanda iko magharibi sana, na jua lake huchwa na kuchomoza nusu saa nzima nyuma ya jua la Dar es Salaam. Mwezi Julai linachomoza baada ya saa 1 asubuhi. Abiria anayejiambia, "Nitakaa hapa stendi mpaka kukuche," anasubiri giza refu kuliko alilozoea kwao, na asubuhi za Julai huku zina baridi inayopenya koti.

Mji wa watu walioshuka

Inauma zaidi kwa sababu Mpanda yenyewe imejengwa na watu walioshuka hapa na mizigo yao. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa miongo kadhaa, masika yakishika na barabara zikigeuka tope, treni ya Tabora ndiyo ilikuwa tegemeo, nayo ilifika saa iliyoweza kufika. Wazee wa mji huu wanaijua vizuri hali ya kuteremka kwenye behewa gizani na kuuliza njia.

Mwaka 1972 wakaja wakimbizi wa Burundi, wakapewa makazi Katumba, palepale inapopita reli. Mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Kabla na baada ya hapo wamekuja wafugaji na wakulima wa Kisukuma na mifugo yao, wakaja wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Dirifu na Ibindi, wakaja wanunuzi wa mahindi, mpunga na tumbaku. Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 wakaja na watumishi wa ofisi zake.

Sensa inaonyesha matokeo. Mwaka 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 walikuwa 1,152,958. Ongezeko hilo la wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka ndilo kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Mkoa hauwezi kukua hivyo kwa kuzaana peke yake. Watu wanakuja.

Na sasa njia ni nyepesi. Lami ya zaidi ya kilomita 340 imeiunganisha Mpanda na Tabora kupitia Sikonge, Koga na Inyonga, safari ambayo zamani iliweza kumeza siku nzima ya vumbi au siku mbili za tope. Kusini, barabara ya Sitalike na Kibaoni inakwenda Sumbawanga. Magharibi kuna Karema, pale ambapo Wabelgiji wakiongozwa na Cambier walipiga kambi mwaka 1879, kambi ambayo wamisionari wa White Fathers waliipokea mwaka 1885. Leo Karema ina bandari mpya inayotazama Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwenye mzigo wa kwenda Kalemie au Moba anapita Mpanda, na mara nyingi analala Mpanda.

Katika sensa hiyo ya 2022, usiku wa kuamkia Agosti 23, makarani walitumwa kuhesabu watu pale walipolala, na utaratibu uliwataka wawafuate hata wasafiri: gesti, hotelini, vituo vya mabasi na vya treni. Kwa usiku mmoja nchi hii ilitaka kujua kila mgeni amelazwa wapi. Naona hilo ni jambo kubwa, na linaonyesha kwamba likitakiwa linawezekana. Baada ya hapo kazi ile ikaisha.

Dirisha la nondo

Gesti ya kawaida ya bei nafuu katika miji ya mikoani ni nyumba ndefu yenye ukumbi mwembamba katikati na vyumba kushoto na kulia. Mbele kuna geti la chuma na taa moja. Unapiga hodi, unasubiri, unapiga tena. Kandambili zinasikika zikiburuzwa sakafuni. Mhudumu, mara nyingi binti aliyekuwa amelala kwenye godoro nyuma ya kaunta, anachungulia kwenye dirisha la nondo akiwa amejitanda kanga.

"Karibu. Poleni na safari." Swali la pili ndilo linalomshtua mgeni asiyezoea: "Wa kulala?" Lazima aulize, kwa sababu wapo wanaochukua chumba kwa saa moja au mbili, na hao wana bei yao.

Chumba cha choo cha nje katika gesti za aina hii huanzia kama shilingi elfu kumi. Chenye choo na bafu ndani huenda elfu ishirini, thelathini, kutegemea feni, televisheni na maji ya moto. Chumbani kuna kitanda cha futi nne au tano, neti iliyofungwa fundo juu, kiti cha plastiki, beseni, kandambili za saizi moja kwa watu wote, taulo iliyokunjwa na kipande cha sabuni.

Kabla ya ufunguo kuna daftari. Ni kaunta buku kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saini. Polisi wana haki ya kulikagua. Mgeni mwenye usingizi huandika haraka haraka, na mhudumu mwenye usingizi hasomi. Nimeona kurasa ambazo nusu ya wageni wake kazi yao ni "mfanyabiashara" na mahali wanakokwenda pameachwa wazi. Daftari hilo ndilo ulinzi wa kwanza wa mgeni mwenyewe. Likitokea la kutokea, ndiyo karatasi pekee inayosema alikuwa pale. Namba ya NIDA iandikwe vizuri, na ya simu ya ndugu iongezwe pembeni hata kama daftari halina mstari wake.

Ukutani kuna tangazo la karatasi lililofunikwa kwa nailoni. Malipo kwanza. Vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi. Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Mwisho wa kutoka ni saa 4:00 asubuhi.

Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayomuumiza msafiri wa usiku mwenye pesa ya kuhesabu.

Chukua wachimbaji wawili, mtu na mdogo wake, wanaoelekea Dirifu na elfu ishirini na tano kati yao. Chumba kimoja wangekimudu na kubaki na nauli na chai. Vyumba viwili vinawamaliza. Mwenye nyumba ana sababu zake za kuweka katazo lake, wala sitarajii aliondoe kwa sababu ya makala haya. Lakini hakuna kinachomzuia kuwa na chumba kimoja au viwili vyenye vitanda viwili vidogo kwa ajili ya ndugu, wafanyabiashara wenza, dereva na utingo wake. Gesti nyingi hazina kabisa. Matokeo yake mmoja hupanga chumba na mwingine hurudi stendi kukalia viroba.

Saa nne asubuhi ina maumivu zaidi. Aliyeingia saa mbili usiku amepata saa 14 kwa pesa yake. Aliyeingia saa tisa usiku, kwa pesa ileile, amepata saba, na hizo saba ni pamoja na kuoga na kutafuta chai. Akizidisha, anadaiwa usiku wa pili.

Wenye gesti wana jibu, na ni jibu la haki kwa sehemu: shuka inafuliwa ileile, maji ni yaleyale, na chumba kilikaa wazi usiku kucha kikimsubiri. Ninakubaliana nao kuhusu shuka na maji. Kuhusu saa sikubaliani. Katika mji wa ukubwa huu, chumba kilichoachwa saa nne mara nyingi hakipati mgeni mwingine mpaka jioni. Kumwacha aliyeingia baada ya saa sita usiku alale mpaka saa nane mchana hakumgharimu mwenye nyumba kitu chochote, na mgeni huyo atakaporudi Mpanda hatauliza gesti nyingine.

Cha juu

Sasa turudi kwa kijana wa bodaboda, kwa sababu bila yeye mgeni hafiki popote. Mji una anwani za makazi tangu ile operesheni ya mwaka 2022, nguzo za majina ya mitaa zipo, lakini gizani hakuna anayezisoma. Watu huelekezana kwa majina yanayojulikana na wenyeji. Manispaa hii ina kata inayoitwa Mpanda Hotel na nyingine inayoitwa Uwanja wa Ndege, na mgeni akiambiwa gesti iko "Mpanda Hotel" hudhani ametajiwa jengo.

Dereva anaujua mji wote, na anajua pia ni gesti gani itampa cha juu. Mwenye nyumba humpa elfu moja au mbili kwa kila mgeni anayemleta. Hapo ndipo gesti isiyotoa cha juu inapogeuka kuwa "imejaa" hata kama ina vyumba sita vitupu, na iliyo mbali inapogeuka kuwa "karibu tu hapa". Ile elfu mbili haitoki mfukoni mwa mwenye nyumba. Imo ndani ya bei aliyotajiwa mgeni.

Ni rahisi kumlaumu kijana huyu, na wengi humlaumu. Tumtazame na upande wake. Amekaa macho tangu jioni akisubiri basi ambalo hakuna aliyemwambia litafika saa ngapi. Anampakia mtu asiyemjua, mwenye begi asilojua lina nini, na kumpeleka mtaa usio na taa. Nchi hii imezika vijana wengi wa bodaboda walioporwa pikipiki na kuuawa na abiria wa usiku. Mgeni anamwogopa dereva, dereva anamwogopa mgeni, na wote wawili wana sababu.

> *Mgeni anamwogopa dereva, dereva anamwogopa mgeni, na wote wawili wana sababu.*

Mahali pa kuvunja woga huo ni palepale stendi, kabla pikipiki haijawaka. Vazi lenye namba kubwa mgongoni, daftari la kijiwe linaloandika namba hiyo na jina la gesti anakokwenda abiria, na ubao wenye majina ya gesti zilizosajiliwa, mitaa yake, bei za vyumba na namba za simu za mapokezi. Ubao ni bati na rangi. Hauhitaji mradi wa wafadhili. Vijiwe vya bodaboda vina viongozi wao tayari, na halmashauri ina orodha ya gesti zote kwa sababu ndiyo inayozitoza leseni na ushuru.

Mwanamke peke yake

Yote yaliyosemwa yanakuwa mazito mara mbili anaposhuka mwanamke akiwa peke yake. Ni mwalimu mpya aliyepangiwa kituo, muuguzi anayekwenda kuripoti, mama anayemfuata mgonjwa hospitali ya rufaa ya mkoa, mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Karema.

Wapo wahudumu wanaomtazama kwa mashaka na kumuuliza yuko na nani. Wapo wanaompa chumba cha mwisho wa ukumbi, karibu na baa, na choo kipo uani. Kwa mwanamume choo cha nje ni usumbufu. Kwa mwanamke saa tisa usiku, katika nyumba ambayo wageni wa vyumba vingine wanaingia na kutoka, ni hatari ya kweli. Wengi hujifungia na kuvumilia mpaka asubuhi.

Kama kuna jambo moja ambalo ningemwomba kila mwenye gesti wa Mpanda, ni hili: chumba kimoja chenye choo ndani na komeo zima, jirani na mapokezi, kiachwe kwa ajili ya mwanamke anayefika usiku, kwa bei ya chumba cha kawaida. Ni chumba kimoja tu kati ya kumi.

Wanawake wanaosafiri sana wamejifunza mbinu zao. Basi likisimama Tabora wanapiga simu gesti na kuomba kuongea na mhudumu wa zamu, wamjue kwa jina. Wanamuuliza jirani wa kiti, hasa mama mtu mzima, anashukia mtaa gani. Wakifika wanaangalia chumba kabla ya kulipa: komeo la ndani linafunga, dirisha lina nondo, neti haina tundu, maji yanatoka. Wanampigia mtu nyumbani na kumtajia jina la gesti na namba ya chumba, kwa sauti, mbele ya kaunta. Mbinu hizo zinasaidia, na kila msafiri azishike. Lakini aliyesafiri mara ya kwanza maishani mwake ndiye asiyezijua, na huyo ndiye mwenye kuzihitaji.

Wenye gesti nao wana yao

Nyumba ya vyumba kumi mjini Mpanda si utajiri. Kuna leseni, kuna ushuru wa halmashauri, kuna kodi ya mapato. Kwa miaka mingi mji huu uliwashwa na majenereta ya dizeli, na mwenye nyumba aliyezoea umeme wa kukatika bado ana jenereta lake dogo la kulisha mafuta. Mhudumu wa usiku anataka mshahara, mlinzi anataka wake.

Kufungua geti saa nane usiku ni kamari. Anayegonga anaweza kuwa abiria aliyechoka, au mtu aliyetumwa kupeleleza kuna nani ndani. Ndiyo maana baadhi hufunga kabisa ikifika saa sita na kuzima taa ya nje, na mgeni anayezungushwa na bodaboda hukuta milango mitatu ya giza kabla ya kupata mmoja. Kuna pia wateja wanaoweka chumba kwa simu, "Nakuja, niwekee," kisha hawatokei. Mwenye nyumba amewakatalia wengine wawili na chumba kimelala tupu.

Hili la mwisho lina dawa ambayo kila mtu anayo mfukoni. Mgeni atume elfu tano kwa simu akiwa bado njiani, na mhudumu ajibu kwa ujumbe wenye jina lake, namba ya chumba na saa atakayokuwa macho. Pesa hiyo inamfunga mgeni aje, na inamfunga mhudumu afungue. Gesti inayofanya hivyo inajua pia basi lipi linasubiriwa, na haina haja ya kumlipa mtu cha juu.

Sitalike isubiri asubuhi

Watalii wa mfuko mdogo nao hupitia hapa, wakienda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Lango lake la Sitalike liko kama kilomita 35 kusini mwa mji, na wapo wanaoshuka usiku wakataka kuunganisha kwa bodaboda ili waokoe pesa ya gesti ya mjini.

Wasifanye hivyo. Viboko wa mto Katuma, wanaowafurahisha watu mchana wakiwa wamejazana majini, usiku hutoka kwenda kula majani, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi mtoni haogopi taa ya pikipiki. Walale Mpanda. Asubuhi usafiri wa kwenda Sitalike upo.

Julai inakuja kila mwaka

Katika wote wanaoshuka Mpanda usiku, kundi moja linanikosesha usingizi kuliko mengine, na ndilo ambalo ujio wake unajulikana kwa tarehe. Ni wanafunzi wa kidato cha tano. Kila Julai, watoto wa miaka 17 na 18 kutoka Tanga, Lindi, Kilimanjaro na Dar es Salaam wanapangiwa shule za Katavi, zikiwamo Mpanda Girls na Usevya. Baadaye mwakani wanakuja wa vyuo, wakiwamo wa kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mpimbwe. Wengi hawajawahi kulala gesti. Wanashuka na tranka, godoro lililokunjwa na pesa iliyoshonewa kwenye nguo.

Wazazi wenye uwezo huwasindikiza. Wasio na uwezo huwakabidhi kwa konda na kuomba Mungu.

Fomu ya kujiunga humweleza mwanafunzi aina ya viatu, idadi ya shuka na rangi ya soksi. Iongezwe aya moja: basi lipi linafika saa ngapi, usipande linaloingia usiku kama unaweza kupanda la mchana kutoka Tabora, na ukifika usiku piga namba hii. Majina ya waliochaguliwa hutoka wiki kadhaa kabla, kwa hiyo shule inajua wangapi wanatoka mbali. Mwalimu mmoja wa kike, mgambo mmoja na gari moja wakae stendi siku tano za mwanzo wa muhula, kuanzia saa tatu usiku mpaka kukuche. Gharama yake ni posho za watu wawili na mafuta, na halmashauri inayokusanya ushuru wa kila basi linaloingia stendi ile inaweza kuilipa mwaka huu.